Utatuzi wa Hitilafu za Kuanzisha Programu katika Kompyuta ya Mbali kupitia SSH

Sehemu hii inafafanua namna ya kubaini chanzo cha hitilafu zinazojitokeza programu inapoanzishwa katika kompyuta ya mbali kupitia itifaki ya SSH, iliyobuniwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995. Hoja ya msingi ni kwamba mahali ilipotokea hitilafu hapana budi pajulikane kabla ya kutafuta suluhisho. Mtafiti anayeulaumu mtandao ilhali faili lake halina ruhusa ya kuendeshwa hupoteza muda akirekebisha kisicho na kasoro.

Kidokezo cha kwanza ni namba ambayo amri huirejesha inapokoma. Sifuri humaanisha kwamba programu imekamilisha kazi salama. Namba 255 kwa kawaida huashiria kwamba SSH yenyewe imeshindwa: jina la seva halikupatikana, muunganisho umekataliwa, au utambulisho wa mtumiaji haukukubaliwa. Hata hivyo, programu ya mbali nayo yaweza kurejesha 255. Kwa hiyo ujumbe unaoandamana na namba hiyo sharti usomwe pia.

Namba 126 na 127 huonesha, kwa kawaida, kwamba muunganisho umefaulu. Katika mifumo ya Linux, 126 hueleza kuwa faili limeonekana lakini haliwezi kuendeshwa, aghalabu kwa kukosa ruhusa au kwa kuwa limeandaliwa kwa prosesa ya aina nyingine. Namba 127 hueleza kuwa amri haikuonekana, au maktaba ambayo programu inaitegemea haipo.

Hitilafu ya 127 ndiyo hutatanisha zaidi. Programu ileile huweza kufanya kazi mtumiaji anapoingia katika seva na kuandika amri humo, kisha ikashindwa amri hiyo inapotumwa moja kwa moja kutoka kompyuta yake. Tofauti hutokana na mazingira: mtumiaji anapoingia, husomwa mafaili ya maandalizi yanayoongeza saraka za kutafutia programu, amri inapotumwa moja kwa moja, baadhi ya mafaili hayo hayasomwi. Jaribio rahisi ni kuandika anwani kamili ya faili. Programu ikianza, kasoro imo katika orodha ya saraka, wala si katika usakinishaji.

Kwa muhtasari, uchunguzi uanze na muunganisho, ufuatie faili, kisha mazingira, na mwisho programu yenyewe. Kila hatua ikithibitishwa, hubaki mahali pachache zaidi pa kutafuta.