Shamba la Mahindi Peke Yake Halitoshi



Hapa Longisa twaijua hasara ya kutegemea zao moja. Mwezi wa Septemba 2011 ugonjwa wa mahindi usiopata kuonekana Kenya uliripotiwa katika tarafa yetu. Majani yalipata michirizi ya manjano, yakakauka kuanzia ukingoni, na magunzi yakatoa punje chache zilizosinyaa. Wataalamu walikuta virusi vya namna mbili vinavyosaidiana kuua mmea. Mwenye mahindi tu alivuna hasara. Mwenye maharagwe, viazi na mboga alikuwa na kitu cha kutia chunguni.

Lakini hata mahindi yakistawi, mtoto anayeshiba ugali mtupu bado ana njaa usiyoiona. Ugali hutia nguvu, ila mahindi meupe karibu hayana vitamini A ya kulinda macho, na protini yake ni pungufu. Je, dawa yake ni nini? Dawa i shambani mwako.

Maharagwe yakiliwa pamoja na mahindi huziba upungufu huo wa protini, na mwili hujengeka. Wimbi lina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, madini ya mifupa, katika kila gramu 100; mahindi hayafikii hata sehemu ya kumi ya hizo. Mboga ya mgagani, yaani isagek, na ya mnavu huupa mwili vitamini A na madini ya chuma ya kuongeza damu. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa navyo vina vitamini A.

Shamba la skimu si kubwa, lakini laweza kugawanywa. Fanya hivi:

1. Palipougua mahindi, panda maharagwe, viazi au mboga kwa misimu miwili. Usipande wimbi hapo, kwa maana ni jamaa ya nyasi kama mahindi, na virusi hivyo vimekwisha kuonekana ndani yake. Litafutie mahali pengine.

2. Tenga matuta machache ya mboga karibu na nyumba, uweke samadi. Acha mashina kadhaa yazae mbegu za msimu ujao.

3. Usiuze maziwa yote. Bakiza ya watoto.

Usiseme fedha za chai zitanunua kila kitu. Mwaka ambao mahindi yanakufa, bei ya unga hupanda kwa wote. Mwulize Bwana Shamba wako mbegu zifaazo, uanze kabla ya mvua.