Zulia hukusanya vumbi, mashine hulilowesha: Wenye pumu wajihadhari na yote mawili

Katika nyumba nyingi za mijini siku hizi, mgeni akishabisha hodi huombwa kwanza avue viatu. Sababu ni zulia. Mama mwenye nyumba amelinunua kwa jasho lake na hataki likanyagwe na matope ya barabarani. Hata hivyo, viatu vikiachwa mlangoni mwaka mzima, zulia hilo bado litaendelea kukusanya uchafu, na mwingi wake hauonekani kwa macho.

Kuna vumbi la dirishani, makombo ya mkate, mkojo wa mtoto, manyoya ya paka na, zaidi ya yote, vigamba vidogo vya ngozi ambavyo kila mmoja wetu huviangusha usiku na mchana bila kujua. Vigamba hivyo ndivyo chakula cha mdudu mdogo aitwaye utitiri wa vumbi. Urefu wake ni kama robo ya milimita, kwa hivyo usitarajie kumwona ukiinamia zulia. Hamwumi mtu kama kunguni wala hanyonyi damu kama kiroboto. Madhara yake yamo katika kinyesi chake, ambacho hukauka kikawa unga laini, kikatimka kila mara zulia linapokanyagwa, na kuingia puani mwa watoto wanaotambaa na kucheza sakafuni.

Kwa mtu ambaye mwili wake haupatani na unga huo, hapo ndipo huanza chafya za mfululizo asubuhi, macho kuwasha na pua kutiririka. Kwa mwenye pumu, kifua hubana na kulia kama filimbi. Kwamba vumbi la nyumba huwasumbua watu wa aina hii ni jambo lililojulikana tangu zamani, lakini ni miaka ya 1960 ambapo watafiti wa Leiden nchini Uholanzi, wakiwemo Voorhorst na Spieksma, walionyesha kwamba mkosaji mkuu ndani ya vumbi hilo ni utitiri.

Utitiri hanywi maji. Huufyonza unyevu ulio hewani, na hewa ikiwa kavu sana hunyauka akafa. Ndiyo sababu hustawi katika nyumba za pwani, na hata huku bara katika nyumba zenye kuta mbichi zisizopigwa na jua. Msomaji ayaweke haya akilini, kwa maana mashine tunayoizungumzia leo kazi yake ni kumwaga maji ndani ya zulia. Ikitumiwa vizuri, huondoa uchafu ambao fagio haliwezi kuufikia. Ikitumiwa vibaya, huwaandalia utitiri na ukungu makao mema kuliko yale waliyokuwa nayo.

Mashine yenyewe

Watu wengi huichanganya na mashine ya kufyonza vumbi. Ile hufyonza vumbi kavu peke yake. Hii ya kuosha ina matangi mawili: moja la maji safi yaliyochanganywa na sabuni, jingine la maji machafu. Pampu hunyunyizia maji katika nyuzi za zulia, burashi huzisugua, kisha mota huyavuta maji hayo pamoja na uchafu hadi tangi la pili. Wauzaji wengine huiita mashine ya mvuke, lakini nyingi za nyumbani hazitoi mvuke wowote. Hutumia maji ya moto uliyotia wewe mwenyewe.

Ukienda kununua, usivutiwe na jinsi inavyorusha maji. Kurusha maji ni kazi rahisi, hata kopo lililotobolewa huweza. Kinachokupasa kukipima ni nguvu ya kuyavuta maji tena. Mwombe muuzaji ailoweshe sehemu ya zulia dukani, aifyonze, kisha uibonyeze kwa karatasi ya shashi. Karatasi ikilowa chepechepe, tafuta mashine nyingine. Angalia pia kama tangi la maji machafu hufunguka lote ukaweza kuingiza mkono na kulisugua, na kama mkanda na burashi za akiba zinapatikana humu nchini.

Jambo jingine ni stima. Umeme wetu ni wa volti 240. Kuna jamaa wengi walio Marekani ambao huwatumia wazazi wao mashine hizi kama zawadi, na za huko hutengenezewa volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya hapa, mota itaungua. Transfoma huweza kusaidia ikiwa inahimili wati zote za mashine, lakini transfoma ya namna hiyo ni nzito na ya gharama. Isitoshe, umeme wa kule huenda mizunguko 60 kwa sekunde na wetu 50, na transfoma haibadilishi hilo. Kwa maoni yangu, heri jamaa huyo atume pesa.

Lakini je, unaihitaji kweli? Mwenye zulia moja la sebuleni ambalo huoshwa mara mbili kwa mwaka atapata nafuu akikodi mashine au akimwita fundi wa kuosha mazulia. Wale wanaoyapeleka kwenye vituo vya kuoshea magari wasikubali kurudishiwa zulia likiwa limekunjwa na bado bichi katikati. Zulia hukauka juu haraka na kukudanganya. Penyeza mkono hadi kwenye shina la nyuzi na uguse mgongo wake.

Chunguza pia zulia limetengenezwa kwa nini. Nailoni na nyuzi nyingine za viwandani huvumilia maji. Sufi hutaka maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, na ukiitia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyuzi zake huharibika kabisa. Yale yenye manyoya marefu, ambayo yamependwa sana miaka hii, hujisokota kwenye burashi inayozunguka. Hayo ni afadhali yaoshwe kwa mkono na kuanikwa juani. Mkeka usiguswe na mashine hii hata kidogo.

Siku ya kuosha

Chagua siku ya jua na uanze asubuhi. Katika Nairobi, Limuru na sehemu nyingine za baridi, mwezi wa Julai si wakati wa kazi hii, wala msimu wa mvua za masika. Lengo ni zulia likauke siku hiyo hiyo. Likibaki bichi kwa zaidi ya siku moja au mbili, ukungu huanza kuota, na ukungu nao ni adui wa mwenye pumu sawa na utitiri.

Kwanza ondoa vumbi kavu. Kama huna mashine ya kufyonza, litoe zulia nje, ulitundike kwenye kamba na kulicharaza kwa fimbo kama walivyofanya mama zetu. Kazi hiyo isipewe mtu mwenye pumu. Ukiruka hatua hii, maji yatageuza vumbi kuwa tope, na tope hilo litazama chini zaidi.

Jaribu sabuni yako pembeni, mahali pasipoonekana, kisha ukandamize kitambaa cheupe uone kama rangi inatoka. Tumia sabuni iliyotengenezewa mashine hizi, isiyotoa povu jingi, na usizidishe kipimo ukidhani zulia litatakata zaidi. Sabuni inayobaki ndani hunata, na zulia lenye kunata huchafuka tena baada ya wiki chache. Maji yawe ya moto wa kustahimilika mkononi. Yanayochemka yanaweza kulegeza matangi na viungio vya plastiki.

Anza pembe ya mbali ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Pita mara moja ukinyunyizia maji, kisha mara mbili au tatu ukifyonza tu, mpaka uone maji yaliyo katika mpira yamekuwa haba. Wengi hushindwa hapa kwa sababu ya haraka. Baadaye rudia kwa maji matupu ili kusuuza. Fungua madirisha, washa feni kama unayo, na usirudishe makochi kabla ya zulia kukauka. Waya wa stima usipite juu ya sehemu iliyolowa, na plagi isishikwe kwa mikono yenye maji.

Kuna onyo moja ambalo ningependa kila mama alisikie. Mtoto akikojoa kwenye zulia, usimwage dawa ya klorini hapo, wala usiichanganye na siki au dawa nyingine yenye amonia. Mchanganyiko wa aina hiyo hutoa hewa ya sumu inayochoma koo na mapafu, na katika chumba kilichofungwa inaweza kumfikisha mtu hospitali.

Itakuwaje kwa mgonjwa wa pumu?

Wazazi wengi huuliza kama mashine hii itamponya mtoto. Haitamponya. Utitiri hushikilia nyuzi za zulia kwa nguvu, na wale wanaosalia huzaana tena. Kuosha hupunguza kinyesi chao kwa muda tu. Katika nyumba yenye mtoto wa pumu, ushauri wangu ni kuondoa zulia kabisa, angalau katika chumba anacholala, na kubaki na sakafu ya simiti au vigae inayopanguswa kwa kitambaa kibichi. Zulia dogo linaloweza kutolewa nje na kuanikwa ni afadhali kuliko lile lililogundishwa kutoka ukuta hadi ukuta.

Tena, kabla ya kutumia pesa kwenye zulia, tazama kitanda. Hapo ndipo mtoto huweka pua yake kwa saa nane au zaidi kila usiku. Shuka na foronya zioshwe kila wiki kwa maji ya moto yapatayo nyuzi 60, kwa kuwa maji baridi hayamwui utitiri. Godoro na mto vifunikwe kwa kitambaa kisichopitisha vumbi. Na dawa za pumu zisiachwe eti kwa sababu nyumba sasa ni safi. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikageuka rangi, apewe inhela yake na apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Mashine ikigoma

Chomoa plagi kwanza. Kama haivuti maji, mara nyingi tangi la maji machafu limejaa na kielea kimeziba njia, au mfuniko haukukaa sawa, au kichujio kimezibwa na nywele. Weka kiganja kwenye mdomo wa mpira. Kikivutwa hapo na kisivutwe kwenye burashi, kizuizi kiko katikati.

Kama hainyunyizi, tazama tundu za kutolea maji. Maji ya visima vingi vya kuchimbwa huwa na chokaa, nayo huganda humo. Loweka sehemu hiyo katika siki, na usitumie pini kwa kuwa huzipanua tundu. Burashi isipozunguka, mkanda umekatika au umezongwa na nyuzi. Povu likijaa tangini, huenda zulia liliwahi kuoshwa kwa sabuni ya unga. Zima mara moja kabla povu halijafika kwenye mota, mwaga, na usuuze zulia kwa maji matupu mpaka povu liishe. Madoa ya hudhurungi yakijitokeza zulia linapokauka, ni uchafu wa chini uliopanda na maji. Rudia kwa maji machache zaidi.

Uvundo usioisha baada ya siku mbili una maana kuwa chini kumebaki maji. Inua pembe moja utazame. Na zulia lililozama katika maji ya mtaro, kama yalivyozama mengi wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, lisipoteze wakati wako. Litupwe.

Ukimaliza kazi, osha matangi yote mawili na uyaache wazi mpaka yakauke. Tangi likifungwa wiki nzima na maji machafu ndani, uvundo wake utapulizwa sebuleni siku utakayoiwasha mashine tena.