Injini Inayotetemeka Ikiisha Kupata Moto

Yapo magari ambayo alfajiri huwaka kwa ufunguo wa kwanza na kunguruma kwa utulivu, hata mwenyewe akayasahau malalamiko ya jana. Lakini gari hilohilo likiisha kwenda mwendo wa robo saa, sindano ya joto ikaketi mahali pake pa kawaida, likafika penye taa za barabarani na kusimama, usukani huanza kutikisika mikononi mwa dereva, na kioo cha pembeni hutetema hata sura ya gari la nyuma isitambulike. Gari limekosa sailensi, kama mafundi wetu wauitavyo mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, na aghalabu dawa ya kwanza huwa ni plagi mpya. Zikiisha kufungwa na mtetemo usiondoke, hununuliwa koili, kisha pampu ya petroli, na mfuko wa mwenye gari hutangulia kuisha kabla ya hitilafu. Rai yangu ni kwamba hasara hii hutokana na swali moja lisiloulizwa: ni kitu gani kilichobadilika katika injini baina ya saa ile ya baridi na saa hii ya moto? Kwa sehemu kubwa joto haliumbi hitilafu, bali huiondolea sitara.

Injini baridi hupewa upendeleo. Kwa kuwa petroli haigeuki mvuke kwa wepesi katika chuma kilicholala usiku kucha, na sehemu yake hushikamana na kuta za njia ya hewa pasipo kuwaka, kompyuta ya gari, ikiisha kusoma sensa ya joto la maji, huagiza petroli nyingi kuliko kawaida na kuipandisha kasi ya injini, pengine hata mizunguko 1,200 kwa dakika au zaidi, ili isizimike. Maji yakifikia nyuzi 80 au 90, upendeleo huo huondolewa: kasi hushushwa hata baina ya mizunguko 650 na 800, na petroli hupimwa kwa mizani ya sensa ya oksijeni iliyofungwa katika bomba la moshi, mizani ambayo hutaka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Hapo silinda iliyokuwa na cheche dhaifu, ambayo alfajiri ilisetiriwa na wingi wa petroli na wepesi wa mzunguko, haina tena pa kujificha.

Na kwa nini mwili wetu uuhisi mtetemo huu kwa ukali kiasi hicho, ilhali sauti ya injini pengine imebadilika kidogo tu? Katika injini ya silinda nne, kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Basi injini inayozunguka mara 750 kwa dakika hutoa mapigo 25 kwa sekunde, yanayofuatana karibu karibu hata mipira ya mauntingi, inayoishikilia injini, ikayapokea na kuyatuliza. Silinda moja ikikosa kuwaka, pengo lake hurudi mara sita na robo kwa sekunde. Wataalamu waliochunguza athari za mitikisiko wamekuta kuwa mwili wa mtu aliyeketi huathirika zaidi na mitikisiko ya juu na chini iliyo baina ya minne na minane kwa sekunde, kwa sababu kiwiliwili na viungo vya tumboni vina mwendo wao wa asili katika kiwango hicho. Kwa hiyo abiria asemaye kuwa gari linamtikisa matumbo hasemi kwa mubalagha.

Jambo la kwanza la kutenga ni kama injini inaumwa au kama imekosa tu pa kuegemea. Gari la gia ya otomatiki likiwa katika D, na mguu juu ya breki, litetemeke sana, kisha litulie mara linapotiwa N huku mngurumo ukiwa sawia tangu mwanzo, tuhuma huelekea kwenye mauntingi, ambazo mpira wake huchanika au, zile zenye mafuta ndani, huvuja na kulegea. Kipande cha karatasi kikiinuliwa nyuma ya bomba la moshi hutoa ushahidi wake: kikipepea kwa mfululizo ulio sawa, silinda zote zinafanya kazi; kikirukaruka na kusita, ipo inayokosa. (Wenye Vitz na Passo za injini ya 1KR, yenye silinda tatu na ujazo wa sentimita za ujazo 996, wajue kuwa mtetemo kidogo ni tabia ya injini hiyo tangu ilipotoka kiwandani.)

Ikithibitika kuwa silinda inakosa kuwaka, mashine ya kusomea hitilafu hurahisisha kazi: P0301 huitaja silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na P0300 ni kukosa kunakohamahama. Lakini namba hizi hutaja mahali, hazitaji sababu, na hapa ndipo wengi hupotea. Fundi mwenye hadhari huzima injini, akaihamisha koili ya silinda ya pili hadi ya tatu, akaliwasha gari hata likapata moto. Namba ikihama pamoja na koili, mkosaji amepatikana bila ya senti kutumika. Koili ni mshtakiwa wa haki katika maradhi ya joto, kwani nyuzi zake zimefunikwa kwa utomvu wa kuzuia umeme ambao hupata nyufa kwa miaka, na joto likizitanua nyufa hizo, umeme hupita humo kuukimbilia mwili wa injini badala ya kwenda kwenye ncha ya plagi.

Plagi nayo isitupwe kabla ya kutazamwa. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya silinda yenye afya. Masizi meusi makavu huonyesha petroli iliyozidi. Weupe hudokeza uhaba wa petroli. Na plagi iliyotoka imelowa petroli ilikuwa haitoi cheche. Ikiwa shimo lake lina oili hata nusu, gasketi ya kifuniko cha valvu imekwisha, na koili mpya itakayotumbukizwa humo nayo itaharibika.

Mlango mwingine wa hitilafu ni hewa. Magari mengi yana valvu inayorudisha sehemu ya moshi katika njia ya hewa ili kupunguza joto la mwako. Hufungwa injini ikiwa baridi, hufunguka gari likiwa mbioni, na masizi yakiizuia isirejee mahali pake, moshi hujaa katika silinda zilizotakiwa kuvuta hewa safi, na gari hutetemeka kila lisimamapo. Gasketi ya manifoldi iliyochanika nayo huingiza hewa ambayo kompyuta haikuihesabu. Dalili yake ni kwamba kompyuta huongeza petroli kwa asilimia 20 au zaidi injini ikiwa sailensi, ilhali kwenye mizunguko 2,500 nyongeza hiyo hukaribia sifuri, kwa kuwa ufa uleule ni kitu kidogo mbele ya hewa nyingi inayopita. Kuna wanaoutafuta ufa kwa kunyunyizia petroli juu ya injini yenye moto; huko ni kuuchezea msiba, na maji ya sabuni hutosha.

Atumiaye geji ya vakyumu kupima mvuto wa hewa katika manifoldi azingatie mahali alipo. Injini nzima iliyo Mombasa huonyesha baina ya inchi 17 na 21 za zebaki. Kipimo hupungua kadiri ya inchi moja kwa kila futi 1,000 za mwinuko, na Nairobi, iliyo juu ya futi 5,500, inchi 13 si ugonjwa. Vipimo hivi vyote vifanywe uwanjani, wala si ndani ya banda lililofungwa: monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni.

Hubaki kisa kimoja ambacho joto ndilo mtendaji hasa. Katika injini zisizo na virekebishi vya oili vya kurekebisha nafasi ya valvu, kiti cha valvu ya moshi huliwa taratibu, valvu hupanda, na nafasi iliyoachwa baina yake na kemu hupungua. Shina lake likitanuka kwa moto, nafasi hutoweka, valvu haifungi barabara, na mgandamizo huvuja. Injini ikiwa baridi mgandamizo huonekana salama, kwa hiyo upimwe injini ikiwa na moto. Silinda ikionekana dhaifu, hutiwa kijiko kidogo cha oili: kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechakaa, kisipopanda, ni valvu. Nafasi hizo za valvu, zinazohesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, hurekebishwa injini ikiwa imepoa kabisa, na kazi hiyo ni rahisi mno kuliko kutengeneza kichwa cha injini ambacho valvu yake iliachwa wazi hata ikaungua.