Glasi Nane kwa Mtu wa Mwanza

Ushauri wa kunywa glasi nane za maji kwa siku umefika hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya na vikoba. Asili yake hutajwa kuwa mwongozo wa lishe wa Marekani wa mwaka 1945, uliokadiria kwamba mtu mzima anahitaji lita 2.5 kwa siku. Mwongozo uleule uliongeza kwamba maji mengi kati ya hayo yamo tayari kwenye chakula. Namba ilishikwa, maelezo yakaachwa.

Sisi wala ugali tungepaswa kuwa wa kwanza kuyaokota maelezo hayo. Ugali, uwe wa dona au wa muhogo, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Ongeza mchuzi wa sato, uji wa asubuhi na kipande cha tikiti. Chai nayo inahesabika, maana kafeini yake huongeza mkojo kidogo tu. Soda pia ina maji, lakini chupa ya mililita 350 huja na gramu zaidi ya 30 za sukari. Na wale wanaokunywa lita moja na nusu alfajiri "kutoa sumu" wajue kwamba figo huchuja takriban lita 180 kila siku na kurudisha karibu zote mwilini, bila kungoja mtu aamke. Mgonjwa wa figo au wa moyo kupanuka anaweza hata kudhurika kwa maji mengi. Huyo afuate kiasi alichopangiwa na daktari wake.

Kipimo kizuri kuliko glasi ni mkojo wako mwenyewe. Ukiwa wa njano hafifu, uko sawa. Ukifanana na chai ya rangi, kunywa. Anayemeza dawa za kifua kikuu asishtuke, kwani hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa. Lakini mkojo mweusi pamoja na macho ya njano ni safari ya hospitali, si ya mtungini.

Wanaokaukiwa kweli ni wanaoshinda juani: mama anayeanika dagaa mwaloni, kondakta wa daladala, machinga. Ukiwauliza kina mama kwa nini hawanywi, wengi hawatasema maji hayapo. Watasema choo. Anayejibana tangu alfajiri hadi saa tisa, huku hanywi, anajiongezea hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo. Naweza kumshauri anywe vya kutosha kabla ya kutoka na mara tu anaporudi, lakini kwa maoni yangu choo safi sokoni kingemsaidia kuliko mawaidha yangu yote.

Kisha kuna swali la maji gani. Kipindupindu kilichoikumba Kanda ya Ziwa, Mwanza ikiwemo, Januari 2024 kilitukumbusha kwamba maji kuwa mengi si maji kuwa salama. Wengi huchemsha robo saa nzima na kumaliza mkaa bure. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho dakika moja ya kutokota kwa nguvu inatosha. Yenye tope yaache yatuame, uyachuje kwa kitambaa safi, ndipo uyabandike. Yakipoa, yamimine, usichovye kikombe kilichoshikwa na kila mkono.

Ila kuchemsha hakukusaidii kama uliingia hadi magotini kuyachota. Vimelea vya kichocho hupenya ngozi. Watu husubiri kuona damu kwenye mkojo, lakini hiyo ni dalili ya kichocho cha madimbwi na majaruba ya bara. Kichocho cha ziwani hushambulia utumbo na ini kimyakimya, na kuna ambao ishara yao ya kwanza huwa kutapika damu. Konokono huachia vimelea kwa wingi jua linapopanda hadi mchana, kwa hiyo kuchota mapema kunapunguza hatari, ingawa hakuiondoi. Maji ya kuoga yakikaa ndooni siku mbili bila konokono, vimelea hivyo huwa vimekufa. Lakini ziwani huwa hai, ndiyo maana siwezi kukuambia ufanye kuogelea humo kuwa mazoezi yako, hasa kwenye magugu ya ufukweni.

Mazoezi ya Mwanza yako mlimani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za kujishughulisha kwa wiki, na aliyejenga juu ya mawe ya Mabatini au Igogo huzipata bila kukusudia. Anayezikosa ni mwenye duka anayekaa kutwa, kisha akishuka daladala barabarani anaita bodaboda impandishe hadi mlangoni. Kipande hicho kipande kwa miguu, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini usiweze kuimba. Kifua kikibana, simama, na uende kupimwa bila kukawia. Kwa magoti, kinachoumiza zaidi ni kushuka. Mwenye magoti mabovu apande kwa miguu, bodaboda aichukue wakati wa kushuka.