Kuhiji kwa Miguu Bila Kula Ngano

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Mwenye ugonjwa wa siliaki akiila, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo mdogo: anaharisha, tumbo linajaa gesi, damu inapungua. Tiba ni kuiacha maisha yote. Kwa anayekwenda kwa miguu hadi Namugongo, Uganda, ambako Mashahidi wa Uganda hukumbukwa kila Juni 3, kuharisha njiani ni kuishiwa maji mwilini huku safari bado ndefu.

Anayetokea Kigoma ana bahati. Chakula kilichozoeleka kuanzia Gungu hadi Ujiji, ugali wa muhogo kwa dagaa au migebuka, na maharage yaliyoungwa kwa mawese, hakina gluteni. Dagaa wakavu ni wepesi kubeba, na unga wa muhogo ukiwekwa pakavu hauharibiki upesi. Akivuka mpaka kuingia Uganda atakuta matoke, viazi vitamu na mchuzi wa karanga.

Taabu iko kwenye vitafunwa. Alfajiri, msafara ukijiandaa kuondoka, kinachopatikana haraka ni chai na maandazi au chapati. Uganda kuna rolex, yaani mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati. Hata kisicho cha ngano huchafuliwa: muhogo uliokaangwa kwenye karai la maandazi, samaki aliyepakwa unga wa ngano asigande, wali uliopakuliwa kwa upawa uliotoka kwenye tambi. Unga wa ulezi nao huchukua mabaki ya ngano mashineni, na ule wa lishe wakati mwingine huchanganywa ngano makusudi. Basi kumuuliza mama lishe kama chakula kina ngano hakutoshi. Aulizwe pia mafuta yale yamekaangia nini.

Kinachosahaulika zaidi ni Komunyo. Kwa Wakatoliki hostia, yaani mkate wa Komunyo, lazima iwe ya ngano. Ya mchele haikubaliki. Maelekezo ya Vatican ya 2003, yaliyokumbushwa 2017, yanaruhusu hostia yenye gluteni kidogo sana, na asiyeiweza hata hiyo apokee divai peke yake. Padri anayeongoza kundi aelezwe mapema, kwa kuwa kipande cha hostia hutumbukizwa kwenye kikombe wakati wa Misa, na mwenye siliaki anahitaji kikombe chake ambacho hakikutiwa kipande hicho.