Jumuiya za Kujifunza Mtandaoni: Hali ya Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza Aishiye Buguruni

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza ni lini kundi la mtandaoni huwa jumuiya ya kujifunza kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Suala hili lina uzito wa pekee kwa mwanafunzi aishiye nje ya kampasi, mathalani Buguruni, ambaye ili afike Mlimani hupita Barabara ya Mandela hadi Ubungo na kuendelea. Mijadala ya usiku mabwenini humpita; simu ndiyo bweni lake.

2.0 Dhana ya Jumuiya

Jean Lave na Etienne Wenger (1991) wanadai kwamba kujifunza ni kushiriki katika shughuli za jumuiya, kuanzia pembezoni kuelekea kwenye kiini. Mmojawapo wa mifano yao ni wanagenzi wa ushonaji nchini Liberia. Hao huanza na kazi ndogo za kumalizia vazi, kama vile kushona vifungo, kabla ya kukabidhiwa mkasi. Kazi ni ndogo, lakini wakati wote huiona kazi nzima ikitendeka.

3.0 Makundi ya Simu

Kundi la WhatsApp, aghalabu, huonyesha vazi lililokwisha kushonwa: picha ya majibu ya zoezi, pasi na hatua zake. Anayeyanakili hupata alama za zoezi, ila katika chumba cha mtihani hukuta hajawahi kushika mkasi.

Hata hivyo, kundi hilohilo lina faida isiyopatikana ukumbini. Tangu 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, ilhali sekondari na chuoni, ukiacha masomo ya Kiswahili, hutawala Kiingereza. Swali ambalo mwanafunzi alisita kuliuliza kwa Kiingereza mbele ya mhadhiri huulizwa kundini kwa Kiswahili, na hueleweka.

Tatizo jingine ni gharama. Vyuo vilipofungwa kati ya Machi na Juni 2020, ilidhihirika kwamba aliyeishiwa bando huwa ametoka darasani bila kuaga.

4.0 Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, mambo matatu yanapendekezwa: jibu lisitumwe bila hatua zake, kila mgeni apewe kazi ndogo, kama kufupisha mhadhara mmoja, na maelezo yaandikwe badala ya kurekodiwa kwa video, ili yasimalize bando la msomaji. Pasipo hayo, kundi litabaki kuwa ghala la majibu.