Baada ya Kupasuliwa Tumbo, Simama Utembee

Daktari akiisha kukupasua tumbo na kulishona, kazi yake imekwisha, na yako imeanza. Jamaa zako watakuambia, "Lala kabisa, usitikisike, nyuzi zitakatika." Wanakupenda, lakini shauri lao si jema. Mwaka 1899 daktari Emil Ries wa Chicago aliandika kwamba waliopasuliwa tumbo waondoke kitandani mapema, na kwa miaka mingi wengi hawakumsikiliza. Mtu alalaye bila kutikisika, mapafu yake hayajai pumzi, makohozi hukaa ndani, na ugonjwa wa mapafu huingia. Damu nayo huganda katika mishipa ya miguu. Kipande chake kikipanda mpaka mapafuni, mtu aweza kufa ghafula, hata kidonda chake kikiwa kizuri.

Basi siku ile ile, ukiisha kuamka, vuta pumzi ndefu mara 10 kila saa, na kuchezesha nyayo juu na chini. Ukitaka kukohoa, kunja kitambaa kizito, ukikaze juu ya kidonda kwa mikono miwili, ukohoe pasipo hofu. Kesho yake, daktari akikuruhusu, usiinuke kwa nguvu ya tumbo. Geuka ubavuni, kunja magoti, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Kaa kidogo hata kizunguzungu kiishe, ndipo usimame, mwuguzi akikushika, uende hatua chache. Dawa ya maumivu uimeze mbele ya kutembea, si nyuma.

Lakini kutembea ni neno moja, kubeba mzigo ni neno lingine. Ngozi hufunga upesi. Nyama za chini hupata nguvu polepole. Kwa majuma 6 usibebe maji, usitwange, usilime, wala usibebe kuni kwa kamba ya paji la uso, kama desturi ya mama zetu wa Kivu. Nyama zaweza kuachana, matumbo yakatokeza chini ya ngozi, nawe utapasuliwa tena.

Wewe mume, neno hili ni lako zaidi. Wengine husema mama mkwe wa Petro aliponywa, na palepale akawahudumia wageni. Ndiyo, lakini yeye alikuwa na homa, wala hakushonwa tumbo. Chukua ndoo, uende mtoni.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, ukipata homa, ukitapika, au pumzi ikikatika, rudi hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku, hata ikiwa ni siku ya Mungu.